Kiyoyozi Juu ya Paa la Tela: Safari ya Kiangazi Kutoka Maskati Hadi Al Ashkharah

Mtu aliyekulia Kampala, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,200, akishuka Maskati mwezi wa Julai hudhani kwamba amesimama nyuma ya lori lenye injini inayonguruma. Nilitoka katika mlango wa uwanja wa ndege saa tisa za usiku, nikapigwa usoni na hewa ya moto yenye majimaji, nikageuka kulia na kushoto nikilitafuta hilo lori. Halikuwapo. Ndiyo hewa ya nchi yenyewe, tena usiku, jua likiwa bado halijafikiria kuchomoza.

Wenyeji walinicheka, wakanieleza kuwa nilikuwa nimefika siku ya nafuu. Katika mji wa Quriyat, ulioko pwani kusini-mashariki ya Maskati, mwezi wa Juni 2018 ilipita siku nzima ya saa ishirini na nne ambayo kipimo cha joto hakikushuka hata mara moja chini ya nyuzi 42.6 za sentigredi. Wataalamu wa hali ya hewa walisema kwamba haikuwa imepata kuandikwa popote duniani siku ambayo kiwango chake cha chini kabisa kilikuwa juu namna hiyo. Basi katika nchi kama hiyo mtambo wa kupoza hewa si pambo la matajiri, bali ni kitu kilicho karibu na dawa.

Kilichonipeleka Oman mwaka huo wa 2024 ni kumwona binti wa marehemu askari mwenzangu. Binti huyo alikulia kambini, katika mojawapo ya vile vibanda vya bati vya duara ambavyo jamaa za askari wa Uganda wanavijua vizuri, na sasa yuko Maskati akimtunza bi mkubwa mmoja aliyepita umri wa miaka themanini. Mengi husemwa juu ya vijana wetu walioko nchi za Ghuba, na mengine ni ya kuhuzunisha kwelikweli, kwa hiyo mama yake aliniomba nikaone kwa macho yangu. Nilimkuta mzima, na kilichonishangaza zaidi ni kwamba nyumba ile yote ilikuwa ikizungumza Kiswahili.

Msomaji asione ajabu. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika karne ya kumi na tisa, na wafanyabiashara waliotoka pwani hiyo walifika katika ikulu ya Kabaka Suuna wa Buganda miaka ya 1840. Njia iliyowaleta kwetu ndiyo iliyowarudisha wengi kwao baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, hasa tangu Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Bi mkubwa alizaliwa Unguja, akaolewa huko, akafika Maskati akiwa na watoto wawili na lugha moja. Binti yetu naye alikuja na Kiswahili cha kambini. Siku za kwanza, kila aliposema "hii mtu" au "ile maji", bi mkubwa alimsahihisha kwa upole kama mwalimu wa chuo, mpaka leo anaamkia "shikamoo bibi" utadhani amezaliwa Malindi ya Unguja. Mimi mwenyewe nilisahihishwa mara nne katika chakula cha mchana, nikaamua kula kimyakimya.

Mtoto wa bi mkubwa ni polisi mstaafu aliyetumikia miaka mingi katika karakana ya magari. Uani mwake lilisimama tela la kulala: chumba kidogo cha urefu wa mita nne hivi juu ya magurudumu mawili makubwa, chenye kuta na paa gumu la faibaglasi, vitanda, meko na tangi la maji, kimeinuliwa juu ili kipite penye mawe na mchanga. Waomani wanapenda mno kwenda jangwani na pwani siku za mapumziko, na matela ya namna hii yameongezeka. Juu ya paa la hilo, katikati, palikuwa na turubai la buluu lililofungwa kwa kamba. Nilipouliza kuna nini, mwenyeji wangu alitazama chini, akasema, "Hapo ndipo mama alipotaka kufa."

Habari ya mwaka uliotangulia

Bi mkubwa ana dada yake mdogo katika wilaya ya Bidiyah, kiasi cha kilomita 220 kutoka Maskati, ukingoni mwa jangwa la mchanga liitwalo Sharqiya, ambalo zamani lilijulikana kama Wahiba. Kila mwaka, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, huko hufanywa kazi ya tabsili: tende za aina ya mabsili hukatwa zikiwa bado manjano, huchemshwa katika masufuria makubwa ya shaba kwa muda wa dakika kumi na tano au ishirini, kisha huanikwa juani siku kadhaa mpaka zikauke. Sehemu kubwa huuzwa India. Ni kazi ya ukoo mzima, na ni sherehe pia. Bi mkubwa hakutaka kuikosa, wala hakutaka kulala katika nyumba ya dada yake, iliyojaa watoto na wajukuu.

Ndipo mwanawe alipopeleka tela kwenye gereji moja, ambayo sitaitaja, likawekwe kiyoyozi cha paa. Wakamwekea kimoja kilichotumika, cha kutoka Marekani. Kosa la kwanza lilikuwa hapo. Umeme wa Marekani ni wa volti 115 au 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, na umeme wa Oman, kama wetu wa Uganda, ni wa volti 240 na mizunguko 50. Gereji ilitia transfoma ya kupunguza volti, ikaona imemaliza kazi. Lakini transfoma hubadili volti tu, haibadili mizunguko. Mota iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 ikipewa 50 huzunguka polepole kwa kadiri ya sehemu moja katika sita, hupata moto kupita desturi yake, na katika joto la nyuzi arubaini na tano haina pa kuutoa moto huo.

Kosa la pili lilikuwa paani. Paa la tela ni kama mkate uliopakwa siagi katikati: ngozi nyembamba ya faibaglasi juu, nyingine chini, na katikati sponji ngumu. Mtu akikata tundu na kuweka juu yake mzigo wa kilo arubaini bila kujenga fremu ndani ya ukingo, sponji hubonyea barabara ikianza kutikisa, paa huzama kama kitanda cha kamba, na maji hukusanyika pale palipozama.

Yote mawili yalitokea Bidiyah siku moja. Mtambo ulizimika saa saba za mchana, bi mkubwa akiwa amelala ndani, madirisha yamefungwa ili ubaridi usitoke. Binti yetu alikuwa nje akisaidia kuanika tende. Alipoingia kumpelekea maji alimkuta ngozi imekauka bila tone la jasho, anamwita kwa jina la mtu aliyekwisha kufa miaka mingi. Mtu wa joto akiacha kutoka jasho na maneno yake yakapotea, hapo hakuna kungoja. Walimtoa wakamlaza kivulini kando ya falaji, ule mfereji wa maji unaotoka chini ya ardhi, wakamloweshea kanga mwili mzima na kumpepea kwa kipande cha boksi mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Alilazwa siku tatu, akapona.

Na sasa, mwaka uliofuata, alikuwa akisema tena habari za tabsili. Watoto wake walikutana kulijadili jambo hilo. Wengi walikataa. Bi mkubwa alisikiliza mpaka wakamaliza, kisha akasema kwamba dada yake ana miaka sabini na tisa, yeye ana themanini na minne, na kwamba mwenye hesabu ya miaka mingine inayobaki aseme sasa. Hakuna aliyesema.

Karakana

Safari hii mwenyeji wangu hakuwaachia watu kazi. Aliazima sehemu katika karakana ya rafiki yake, akamwita fundi mmoja mzee wa Kihindi kutoka Kerala aliyewahi kufanya kazi naye, nami nikawa mshika tochi. Tulifanya kazi tangu alfajiri hadi saa sita. Nchini Oman, kuanzia Juni hadi Agosti, sheria inakataza kuwafanyisha watu kazi juani baina ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu za mchana, na nilipogusa spana iliyosahauliwa juu ya ngazi niliielewa sheria hiyo bila kusomewa.

Tuliondoa mtambo wa zamani. Chini yake sponji ilikuwa imeoza, ikitoa maji kama kitambaa cha kufutia sakafu. Fundi alikwangua yote iliyolowa, kiganja kizima kuzunguka tundu, akaacha paa siku mbili likauke. Mwenyeji wangu alikuwa na haraka, maana tende hazingoji. Fundi alimjibu kwa Kiarabu chake cha kazini kwamba maji yakifungiwa ndani hayatoki tena.

Tundu la kiyoyozi cha paa kwa kawaida ni la mraba, sentimita 36 kila upande, sawa na lile la dirisha dogo la hewa ambalo matela mengi huja nalo. Katika tela hili ndipo lilipokuwa dirisha hilo zamani. Fundi alikata vyuma vinne vya alumini vyenye umbo la mraba, akavipenyeza baina ya ngozi mbili za paa ukingoni mwa tundu, akavigandisha kwa gundi, kisha akaviunganisha na mbao mbili nyembamba zilizopita darini kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa njia hiyo uzito hauelemei sponji, unashuka ukutani. Alipomaliza alipanda juu na kuketi penye tundu, akanywa chai. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo chake.

Mtambo mpya ulikuwa wa volti 240 na mizunguko 50, mfupi, wenye uzito uliozidi kidogo kilo thelathini, na ulaji wa umeme usiofika wati elfu moja. Mwenyeji wangu angeweza kununua mkubwa zaidi, lakini chumba cha mita nne hakihitaji mtambo wa ukumbi. Mtambo mkubwa mno hupoza upesi na kujizima kabla haujakausha majimaji ya hewa, na katika pwani ya Oman majimaji hayo ndiyo nusu ya taabu.

Kuupandisha ndiko kulikotaka watu. Chini ya mtambo kuna gasketi nene ya sponji laini inayozunguka tundu, na ukiuburuta mtambo juu ya paa gasketi hiyo huchanika, na huo ndio mwanzo wa kuvuja. Tuliuinua watu wanne juu kwa juu, tukaushusha taratibu kama tunavyoshusha jeneza. (Mfano huo ulikuwa wangu, na niliukumbuka kwa aibu baadaye, maana bi mkubwa alikuwa ameketi karibu akitutazama.) Fundi hakupaka silikoni chini ya gasketi, ingawa nilimshauri hivyo. Alisema gasketi inatakiwa ibanwe, si kugandishwa. Bolti nne ndefu hutoka chini kupitia fremu ya ndani. Alizikaza kwa zamu, nusu mzunguko hapa, nusu kule kwa mshazari, kama ukazavyo nati za gurudumu, mpaka gasketi ikabaki nusu ya unene wake. Ikibanwa kidogo inavuja, ikibanwa mno inakufa na kuvuja vilevile.

Darini kuna kitu ambacho mafundi wavivu hukisahau. Hewa ya baridi hushuka kwa njia moja, na hewa ya chumbani hupanda kwa njia nyingine kurudi mtamboni. Baina ya njia hizo lazima pawe na ukuta uliozibwa barabara kwa utepe wa alumini. Pasipozibwa, ubaridi hunyonywa papo hapo kabla haujafika kitandani, na mtambo hujipoza wenyewe huku mwenye tela akitoka jasho.

Umeme ulipewa waya wake peke yake, wenye unene wa milimita mraba 2.5, na swichi yake ya kujikata. Nilimuuliza mwenyeji wangu kwa nini asitumie betri na paneli za jua, kwa kuwa jua ndilo kitu wasichokosa. Alinifanyia hesabu juu ya kipande cha boksi. Mtambo wa wati elfu moja ukitumia betri ya volti 12 kupitia inveta hunyonya ampea tisini hivi. Betri ya ampea-saa 100 ya kisasa itaishi saa moja. Usiku mmoja tu ungetaka betri nane au tisa, na bei yake ingenunua ng'ombe wengi. Kwa hiyo alichukua jenereta ndogo ya petroli ya wati 2,200. Nayo ina siri yake: kompresa inapoanza kuzunguka huvuta kwa sehemu ndogo ya sekunde umeme mwingi mara kadhaa kuliko inapokuwa imekwisha shika mwendo, na jenereta iliyodhoofishwa na joto inaweza kukwama hapo. Fundi alifunga kifaa kidogo cha kuianzisha kompresa polepole, ikaanza bila jenereta kukohoa.

Mwisho alimwaga maji kwa mpira juu ya paa nusu saa nzima. Ndani palibaki pakavu. Bi mkubwa akauliza kama sasa anaweza kufunga mkoba wake.

Njiani

Tulitoka Maskati usiku wa manane ili tulikwepe jua. Barabara ya Sharqiya ni pana na laini, inapanda kwenye milima myeusi isiyo na jani, inateremka Ibra, mji wa ngome za udongo na majumba ya wafanyabiashara ambao mali yao ilitoka Unguja. Bi mkubwa alikuwa macho njia nzima kiti cha mbele. Ibra alinionyesha nyumba moja iliyobomoka, akasema mwenye nyumba hiyo alikuwa na duka karibu na Forodhani, na mkewe alipika bokoboko zuri kuliko mtu yeyote.

Baada ya kilomita thelathini za barabara ya changarawe fundi alikuwa ametuagiza tusimame tukaze bolti. Tukakaza, mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko. Jambo jingine tulilojifunza kwa hasara ni kimo. Tela sasa lilikuwa refu zaidi kwa sentimita ishirini na tano, na mwenyeji wangu alisahau. Tawi la mti wa ghaf karibu na Bidiyah lilikwangua kifuniko cha mtambo likaacha alama ndefu nyeupe. Alishuka akatazama, akaondoa jani moja lililokwama, akarudi bila kusema neno.

Ilitubidi kupita kipande kifupi cha mchanga kulifikia shamba la mitende la dada yake. Askari wasomaji wangu watafurahi kusikia kwamba hapa nami nilipata kazi: tulipunguza upepo wa magurudumu yote, ya gari na ya tela, mpaka ratili kumi na nane, ili yatandae yasizame. Ukiwa na mzigo juu ya paa huendi kwa ubavu wa kilima cha mchanga hata kidogo. Unakishuka moja kwa moja au unakizunguka.

Sitaeleza sana habari ya wale dada wawili walipokutana. Walikaa mkeka mmoja, wakashikana mikono, wakaongea kwa pamoja, kila mmoja akisema lake, nusu Kiarabu nusu Kiswahili. Moshi wa masufuria ya tabsili ulikuwa ukipanda juu ya mitende, wenye harufu ya sukari inayoanza kuungua. Mabedui wa jangwani walikuwa wamehamia kando ya mashamba, kama walivyofanya wazee wao tangu zamani: kiangazi kikikaza huliacha jangwa na kusogea penye maji na tende. Mchana kipimo cha kivulini kilisema nyuzi 46. Bi mkubwa alifanya kazi yake ya kuchambua tende asubuhi saa mbili tu, kisha akaingia telani, ambamo kipimo kilisema 27. Tulikuwa tumeegesha chini ya miti na kutandaza wavu wa kivuli juu ya paa, ukiwa umeinuliwa ili mtambo uvute pumzi. Bila kivuli hicho, nina hakika tusingeishusha chini ya 32.

Usiku wa kwanza ukaingia, na upepo wenye mchanga ukaanza kuvuma. Mwenyeji wangu aliihurumia jenereta, akaisogeza nyuma ya tela mahali penye kinga, chini ya dirisha dogo la upande wa kitanda cha mama yake. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mimi niliona ni busara, nikamsaidia kuibeba.

Binti yetu alitoka nje akiwa na taulo begani. Alisimama akaitazama jenereta, akaizima. Giza likatushika, na mtambo juu ukanyamaza.

"Mwanangu, mama atapata joto," mwenyeji wangu akasema.

"Baba, samahani," akajibu, "hapa hapana. Kambini kwetu jirani walilala na sigiri ndani, mvua ilikuwa inanyesha. Baba yangu ndiye aliyevunja mlango asubuhi. Watu watano." Akanigeukia mimi: "Afande, wewe ulikuwepo."

Ni kweli, nilikuwepo. Nilisaidia kuwabeba. Na bado nilikuwa nimeishika ile jenereta upande wa pili nikaiweka chini ya dirisha, kwa sababu akilini mwangu sigiri ni sigiri na mashine ni mashine. Lakini hewa inayoua ni moja, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, itokayo kwenye makaa na kwenye petroli vilevile, na huingia katika damu ikakalia mahali pa oksijeni. Mtu hasikii kukabwa. Huumwa kichwa, huona usingizi, basi. Na kiyoyozi cha paa hakivuti hewa mpya kutoka nje, huizungusha ileile ya ndani, kwa hiyo sumu iliyopenya katika ufa wa dirisha ingebaki ikizunguka na kumrudia bi mkubwa na yeye binti aliyelala chini ya kitanda chake.

Hatukubishana. Tuliibeba jenereta gizani mpaka hatua ishirini upande upepo unakokwenda, tukaielekeza bomba lake mbali na tela, tukaijengea kinga ya mchanga kwa karatasi za bati zilizokuwa shambani, wazi upande mmoja. Waya mnene wa mita kumi na tano haukutosha, tukauunga na mwingine. Bi mkubwa wakati huo ametoka nje, ameketi ngazini, anajipepea kwa ncha ya kanga. Aliuliza tu kama tumemaliza kuhamisha nyumba. Mwenyeji wangu alilala nje karibu na jenereta usiku ule, na saa nane aliamka kuijaza petroli, maana tangi lake ni dogo na usiku mmoja ulikula lita saba. Aliizima kwanza, akaiacha ipoe, ndipo akamimina. Tuliporudi Maskati kitu cha kwanza alichonunua ni kengele ndogo ya kutambua gesi hiyo, akaipachika karibu na mto wa mama yake.

Tulikaa Bidiyah siku sita. Kila asubuhi nilikuwa na kazi ya kufungua chujio la mtambo na kulikung'uta. Vumbi la mchanga lilijaa kama unga wa muhogo, na siku niliyochelewa ubaridi ulipungua papo hapo. Maji yaliyodondoka kutoka paani yaliwatia wasiwasi wageni wengi, wakidhani panavuja. Ni mvuke wa hewa yenyewe, unaogeuzwa maji na ubaridi na kutoka kwa juu. Mbuzi wa shamba walikuja kuyanywa.

Siku ya saba bi mkubwa alisema anataka kuona bahari. Tukashuka kusini, tukapita Jalan Bani Bu Ali, kwenye msikiti wa kale wenye kuba 52 ndogo juu ya paa kama mayai kapuni, tukaelekea Al Ashkharah. Kilomita kama ishirini kabla ya pwani nilishusha kioo cha gari ili niteme kokwa ya tende, nikasahau kukipandisha. Upepo ulikuwa wa baridi.

Nilidhani nimepata homa. Mwenyeji wangu akanieleza: kiangazi, upepo wa kusini-magharibi huvuma kwa nguvu kando ya pwani hii na kuyasukuma maji ya juu yaende mbali, na maji baridi ya chini ya bahari hupanda kushika nafasi yake. Ndiyo maana Maskati huungua na Al Ashkharah, iliyo pwani ya nchi hiyohiyo, hupoa, na watu wa bara humiminika huko Julai na Agosti. Bahari ilikuwa ya kijivu, imechafuka, mashua nyingi zimepandishwa mchangani.

"Hii si kusi?" bi mkubwa akauliza.

Ilikuwa kusi. Upepo uleule uliowarudisha mababu zake kutoka Unguja wakiwa na majahazi yamejaa boriti, na ambao yeye mwenyewe alikuwa akiusikia mtoto akiwa kitandani, ukitikisa madirisha. Tuliegesha tela mdomo wake ukielekea bahari. Mwenyeji wangu, kwa mazoea, akaanza kukunjua waya wa jenereta. Mama yake akamkataza. Akaingia ndani, akajilaza, akatazama darini kwa muda.

"Hapo juu," akasema, "si palikuwa na dirisha la upepo?"

"Ndiyo, mama. Ndipo tulipoweka mashine."

"Basi mmeniziba kusi yangu."

Tulimtolea kitanda nje, upande wa kinga, na binti yetu akamfunika kwa blanketi mbili.